Kidonge cha Saa Moja Asubuhi

"Kaa vizuri, mdogo wangu. Nina habari mbili," nesi Agripina alisema akifunga mlango wa chumba cha kliniki.

Ludovika alishika tumbo lake la miezi minne. "Mtoto ana shida, dada?"

"Sikiliza kwanza. Virusi vyako viko chini mno, kipimo hakivioni. Hongera. Ila damu imeonyesha una kaswende."

"Kaswende? Mimi sijaruka kidonge hata siku moja!"

"Vidonge vyako ni vya VVU tu, kaswende havizuii. Sindano ni tatu, leo unachomwa ya kwanza. Tumewahi, mtoto ana nafasi nzuri. Lakini mumeo naye aje."

Sindano iliuma, ila haikufikia ile habari. Ludovika alitoka akichechemea, akaketi kwenye benchi la nje. Ni benchi lile lile alipokutana na Kenneth miaka mitatu nyuma, siku ya kliniki, kila mmoja akijifanya amemsindikiza mgonjwa. Kenneth ndiye aliyevunja ukimya. "Dada, mimi simsindikizi mtu. Dawa ni zangu." Kwa ukweli ule, Ludovika alimpenda mpaka basi.

Baada ya ndoa Kenneth alipata kazi ya kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, Basotu. Ludovika akabaki na shamba lao Nambis. Wakakubaliana kumeza pamoja kwa simu, kila siku saa moja asubuhi. "Umeweka mdomoni?" "Nimeweka." "Haya, meza." Wenzao huapa kwa pete, hawa waliapa kwa kidonge.

Akampigia.

"Mke wangu, mbona saa hizi? Mtoto mzima?"

"Kenneth, wamenikuta na kaswende. Wanasema uje tutibiwe wote."

Sauti ya Kenneth ikabadilika.

"Umeitoa wapi?"

"Mimi?"

"Si wewe uliyekutwa nayo? Mimi huku navunjika mgongo kwenye trekta, wewe huko unalala na nani?"

"Mungu wangu! Tangu nikujue sijamjua mwanaume mwingine."

"Usinililie hapa. Na siji! Mimi nilishachomwa zote tatu, sitaki mtu anirudishie ugonjwa!"

Loo! Mdomo uliponza kichwa. Ludovika alifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Zote tatu za nini, Kenneth?"

"Nani kasema..."

"Wewe umesema. Ulichomwa lini?"

Trekta lilisikika likinguruma kwa mbali.

"Mwezi wa pili," alijibu kwa sauti ndogo. "Ilikuwa mara moja tu, Ludo, siku ya mnada, kabla sijaja Krismasi. Niliona aibu kukuambia."

"Mwezi wa pili ndio niliokupigia kukuambia nina mimba. Ulicheka, ukamshukuru Mungu. Kumbe ulishajua umeniletea nini, ukaniacha na mtoto wako tumboni!"

"Nisamehe, mke wangu."

"Siku ile kwenye benchi hukujua hata jina langu, ukaniambia una virusi bila aibu. Leo mimi ni mkeo ndipo unanionea aibu? Na juu yake unaniita malaya?"

"Nakuja Jumapili, tuongee."

"Njoo kliniki upimwe tena. Nyumbani kwangu usipite."

Akakata. Alilia waziwazi palepale, wanawake waliokuwa foleni wakimtazama, wala hakujali.

Asubuhi iliyofuata, saa moja kamili, simu iliita Nambis. Ikaita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Kisha ukaingia ujumbe:

"Mke wangu pokea. Nimeshika kidonge mkononi, sijameza. Nakusubiri wewe."

Ludovika alimjua. Angeweza kukaa nacho hivyo siku nzima, mjinga yule. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma zaidi ya sindano. Alichota maji kikombeni, akaweka kidonge mdomoni. Tangu waoane hakuwahi kumeza peke yake. Kiligoma kushuka, akanywa maji mara ya pili mpaka kikapita.

Ndipo akamjibu:

"Meza, Kenneth. Mimi nimeshameza."