Mashine ya Henki Ilivyokosa Pumzi

Akuba alikuwa mtoni akisugua sufuria kwa mchanga. Wanawake wenzake walikuwa wakifua kando yake. Kwa Wasaamaka wa mto Suriname, huko Amerika Kusini, sufuria isiyong'aa ni aibu ya ukoo mzima, kwa hiyo kila mmoja alisugua huku akimchungulia mwenzake.

Mitumbwi ilifungwa kwenye mawe. Mmoja ulikuwa na mashine ya kuuendesha, iliyofungwa nyuma, na mashine hiyo ilikuwa imevaa nguo.

"Akuba, mashine yako imependeza kuliko mume wangu," alisema Mena, jirani yake.

"Mumeo angependeza vipi? Mwenye sindano ndani ya nyumba yake amelala."

Wakacheka, na Mena akamrushia maji.

Mashine ile ilikuwa ya Henki, kaka mkubwa wa Akuba. Henki alifariki kiangazi. Alikuwa dereva wa mtumbwi, tena dereva hodari. Mali ya kaka hurudi nyumbani kwa mama yake, basi mashine ikarudi kwa Mama Nama. Akuba na mdogo wake Dofi ndio walioitunza.

Kava lake Akuba alilishona mwenyewe. Alishona huku analia. Alichukua turubai la plastiki, akaliwekea vipande vya kitambaa chekundu, cheupe na cha bluu. Chini alitia kamba ya kukaza. Hakupima kitu. Alikata kwa jicho, kama anavyokata nguo za wanaume wa nyumbani kwake. Kava likaibana mashine kama ngozi. Tundu aliloacha ni moja tu, la kamba ya kuwashia.

Dofi hakulivua kava hilo hata safarini. Mwanamume wa kule hutoka amevaa alichoshonewa na dada yake au mke wake, na watu humwona. Kulivua mbele ya wanawake wa bandarini kungekuwa kama kumtupia dada yake usoni.

Siku hiyo walikuwa wanampeleka Mama Nama zahanati. Alikuwa na kidonda mguuni kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Muuguzi alikuwa amewaonya: "Kidonda hiki kisafishwe kila wiki. Mkikiacha, mguu utaoza, na hospitali ya mjini wataukata."

Mama Nama alikaa katikati, mguu juu ya gunia la mchele. Akuba alisimama omo, mbele kabisa, na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Dofi alikaa tezi, nyuma penye mashine. Mashine ikawaka, ikanguruma vizuri.

"Sikia hiyo!" Dofi alipiga kelele. "Kaka yupo hapa hapa!"

Mto ulianza kuinama. Mbele yao kulikuwa na maporomoko, maji meupe kati ya mawe meusi. Dofi akaongeza mafuta ili aushike mkondo.

Mashine ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazimika.

Kimya kile kilimtisha Akuba kuliko ngurumo. Aligeuka, akamwona Dofi anavuta kamba, anavuta tena, mdomo wazi. Mtumbwi ulikuwa umeanza kwenda ubavu.

"Dofi!"

"Haiwaki, dada! Haiwaki!"

Maji yaliingia upande wa kulia. Mama Nama hakupiga kelele. Alishika ubao kwa mikono miwili na macho yake yakawa makubwa kama ya mtu anayemwona marehemu. Akuba alichomeka upondo kwenye jiwe, akasukuma kwa mwili wote. Upondo ulipinda, lakini haukuvunjika. Omo ikageuka, na mtumbwi ukajikwaruza ukingoni, ukakwama kwenye mizizi.

Akuba aliukaza upondo kwenye mizizi, mtumbwi usirudi mkondoni.

Mama Nama alisema, "Henki amekataa."

"Mama..."

"Ameizima mwenyewe. Hataki tuitumie mali yake. Nirudisheni nyumbani. Kwenye mashine hii sipandi tena."

Walirudi kwa upondo, wakipita kando kando ya mto. Nyumbani wazee walimwaga maji ya tambiko, wakaongea na marehemu. Mama Nama hakubadilika. Wiki ilipita, na kidonda hakikusafishwa na muuguzi. Akuba alikiosha kwa maji ya chumvi, lakini alipofungua kitambaa alisikia harufu, akashtuka. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa.

"Mama, panda mtumbwi wa Mena basi."

"Mena hana mashine. Na wewe huna mikono ya kunipigia kasia mpaka zahanati. Niacheni."

Dofi akaenda kumwita fundi Lodi wa kijiji cha pili. Lodi ni binamu wa mama yao, mtu wa maneno mengi. Alifika, akaitazama mashine, akashika kichwa.

"Nani kamfunga huyu?"

"Nimemshonea mimi," alisema Akuba.

"Umeshona vizuri, mwanangu. Mimi nimekaa na mke miaka yote hii, hata leso hajanishonea. Lakini njoo. Weka mkono wako hapa nyuma, chini ya mpini wa kofia."

Aliuita kofia ule mfuniko mgumu wa juu. Akuba akapapasa. Chini ya turubai kulikuwa na uwazi.

"Hiyo ndiyo pua yake," alisema Lodi. "Mashine inakula petroli, lakini bila hewa petroli haiungui. Ukienda polepole, hewa kidogo inatosha. Ukiongeza mafuta, inataka hewa nyingi, na wewe umeiziba pua. Inakohoa, inazimika. Tena hapo hapo mnapoihitaji."

Akuba alirudi nyuma hatua moja. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ni mimi? Ni mimi niliyetaka kumuua mama yangu?"

"Ni turubai," alisema Lodi. "Na huyu hapa aliyeona haya kulivua."

Dofi aliangalia chini.

Lodi akalivua kava. Ndani kulikuwa na unyevu kama ndani ya sufuria iliyofunikwa. Boliti mbili zilikuwa zimeanza kutu.

"Ona. Plastiki inaipa jasho. Sasa nitakufundisha. Yapo makava mawili. La kupumzikia ni pana, la kitambaa kizito, linashuka mpaka chini. Hilo livikwe mashine ikishapoa, na livuliwe kabla ya kuwasha. Hata kama wanawake wote wa mto wanatazama. La safari linavaa kofia tu, na linaacha wazi pua, kamba na kifungio. Hili lazima likae sawasawa. Mashine ya nguvu za farasi ngapi?"

"Arobaini," Akuba na Dofi walijibu pamoja. Namba ilikuwa imeandikwa ubavuni mwa kofia, kubwa na nyekundu.

Lodi alikuwa na ruwaza za karatasi za kukatia makava ya mashine mbalimbali. Alitoa ya arobaini, akaiweka juu. Ikaning'inia kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto.

"Mh," alisema Lodi. "Karatasi inakataa."

Akapiga magoti tezi. Kwenye chuma kinachoshika mtumbwi alikwangua tope kwa kucha. Kikatokea kibati kidogo chenye herufi na namba.

"Jina la mashine linasomwa hapa. Kofia inabadilishwa, na namba za kubandika zinauzwa dukani. Hii ni thelathini."

Akuba aliduwaa. "Haiwezekani. Kaka alizipita arobaini zote za mto huu!"

"Alizipita, niliona kwa macho yangu. Namba alibandika mwenyewe, mwongo mkubwa yule. Lakini mto aliujua. Alipita penye maji wakati wenzake wanapita penye haraka."

Dofi alianza kucheka. Akuba naye akacheka, kisha akalia, kisha akajifuta kwa ncha ya pangi, kitambaa alichojifunga kiunoni.

Lodi akatoa ruwaza ya thelathini. Ikakaa.

"Bado usikate," alisema. "Kibati kinakwambia mashine ni ipi. Tepu inakwambia kama kofia bado ni yake. Pima."

Akuba alipima mwenyewe. Alizungusha tepu ya cherehani penye unene zaidi wa kofia, bila kuikaza. Akapima urefu kutoka mbele hadi nyuma. Akapima upana. Akapima kimo, kutoka juu mpaka ukingo wa chini wa kofia. Kila kipimo alikirudia. Halafu akachora kwa chaki mahali pa pua, pa kamba na pa kifungio.

Kesho yake kava la safari lilikuwa tayari. Lodi alisafisha plagi na kabureta, akapaka boliti mafuta. Dofi aliipeleka mashine mpaka maporomokoni na kurudi, akiwa peke yake, kwa mafuta yote. Mama Nama alisimama mlangoni kwa fimbo akisikiliza. Haikukohoa.

"Mama, ilikuwa imezibwa pua," Akuba alimwambia. "Niliiziba mimi. Kaka hakukataa kitu."

Mama Nama aliutazama mguu wake. Ulikuwa umevimba.

"Nishikeni," alisema.

Kwenye maporomoko alifumba macho. Mashine ilinguruma sawasawa, na mtumbwi ukashuka kati ya mawe. Alifumbua macho maji yalipotulia.

Muuguzi alipofungua kidonda alikunja uso. "Mngechelewa wiki nyingine, ningewaandikia barua ya mjini." Akakata nyama iliyokufa, akasafisha, akafunga. Walirudi kila wiki bila kukosa. Mvua zilipokwisha, kidonda kilikuwa kimefunga.

Siku aliyoambiwa na muuguzi asirudi tena, Mama Nama alishuka kwenye mtumbwi kwa miguu yake miwili, akamwita Dofi.

"Kaninunulie chupa ya ramu."

"Ya sherehe, mama?"

"Ya kumtambikia Henki. Nilimsingizia mwanangu mbele ya watu. Nitamwomba radhi mbele ya watu."

Akapanda njia ya kijijini, akiwapita wanawake waliokuwa wakifua, akamwamkia kila mmoja kwa jina.