Mwanamke Ambaye Hakuwepo

Soko la Tammela lilifurika siku Heini na Tuukka walipopigana kikumbo kwenye foleni ya soseji nyeusi. Heini alivaa koti jekundu lililomkaa vyema. Tuukka, pande la mtu mwenye pua iliyopinda, akalimwagia jemu ya kulia soseji.

"Samahani sana, dada."

"Kumbe hata sokoni unaangusha watu?"

Jiji zima la Tampere, kule Finland, lilimjua Tuukka. Miaka mingi alicheza hoki ya barafuni kwa kulipwa, na sasa alikuwa kocha wa timu ya wanawake.

Mapenzi yakakolea. Kila jioni simu.

"Umekula, dubu wangu?"

"Nitakulaje na wewe hupo?"

Jumamosi moja Heini alimngoja kituo cha tramu, theluji ikimjaa mabegani. Tuukka alikuwa nyumbani akimenya viazi, miadi imemtoka kichwani kabisa. Haikuwa mara ya kwanza. Mapigo ya kichwa aliyoyapata uwanjani yalikuwa yameanza kumla kumbukumbu polepole. Heini alipompigia simu, aliona aibu. Aseme anasahau kama kikongwe?

"Nilikuwa na mwanamke mwingine," akajibu.

Heini alikata simu. Tuukka akajiambia heri aonekane mhuni kuliko mgonjwa, lakini vile viazi havikumshuka.

Wiki iliyofuata alikuwa katikati ya barafu akiwachorea wachezaji zoezi ubaoni, mara likamponyoka. Akasimama na kalamu hewani. Wasichana wakainamia viatu vyao vya kuteleza. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akainua macho kuwakwepa, akamwona Heini ukingoni, amekuja kurudisha skafu ambayo Tuukka alikuwa amemwazima. Masikio yakamwaka moto. Akateleza hadi alipo.

"Tangu lini?" Heini akauliza taratibu.

"Tangu nilipoangushwa mara ya mwisho."

"Na yule mwanamke?"

"Hakuwahi kuwepo."

"Ukaona bora nilie."

"Niliona haya, Heini. Hata sasa naona."

Heini hakumwambia kwamba si kitu. Alimvisha skafu, akaikaza kuliko ilivyohitajika.

"Anza na hao wanaokungoja."

Tuukka akawageukia. "Nimesahau nilichokuwa nasema," alisema. "Hunitokea. Nisaidieni."

Nahodha akaichukua kalamu, akaendeleza mchoro pale ulipoishia.

"Tuonane Jumamosi?" Tuukka akamwuliza Heini, macho chini. "Ila huenda nikasahau."

"Basi sisimami tena kituoni," Heini akasema. "Nitakupitia nyumbani."