Sharti la Picha

"Ondoa hizo picha, Avelina."

"Siondoi."

"Avelina!"

"Hata uniite kwa ubini wangu, Rogers, siondoi."

Tulikuwa kwenye kile chumba cha Kinondoni tunachokiita ofisi. Rogers ndiye mchumba wangu na ndiye mtaalamu wa kompyuta. Wazo lilikuwa langu, na taratibu zote nilizipanga mie. Huduma yetu inaitwa Vaa Urudishe: mwanamke mwenye gauni la shughuli lililolala kabatini anamwazima mwenzie kwa programu ya simu, hata kama hawajuani. Sharti langu lilikuwa moja tu. Siku unayolivaa unatuma picha ukiwa nalo, na picha inakaa kwenye ukurasa wa gauni hilo.

"Watu wana siri zao," Rogers akasema. "Nani anataka mtaa mzima ujue gauni lake ni la kuazima?"

"Kwani kuazima ni wizi? Mama zetu wameazimana masufuria na vitenge hadi leo."

"Wao wanajuana."

"Ehee! Hawa hawajuani, ndiyo maana lazima waonane. Mie gauni langu simpi mtu nisiyeiona sura yake."

Akafunga kompyuta kwa kishindo.

"Basi chagua. Jumatano tunakutana na wafadhili. Nikikuta hilo sharti bado lipo, natoka kwenye kazi, na harusi tutaiongea upya."

Alipoondoka nililia. Nampenda Rogers jamani, nisidanganye. Alinivisha pete mbele ya wazazi wangu kule Mabibo, nikiwa nimevaa gauni la kijani alilonishonea shangazi. Lakini sharti sikuligusa.

Na gauni hilohilo la kijani ndilo nililoliweka la kwanza kwenye huduma. Ningewaambiaje wenzangu watoe yao huku langu nimelifungia kabatini? Likapata mtu upesi: Hope, binti wa Kibamba, anavishwa pete Jumapili. Nikampelekea kwa bodaboda.

Jumapili yenyewe Rogers akanipigia simu asubuhi.

"Naenda Morogoro mara moja, mjomba anaumwa."

"Mpe pole. Bado umeninunia?"

"Toa picha, nitaacha kununa."

Nikakata simu. Mchana, nimetoka kanisani, nikamwandikia Hope: "Hongera dada! Usisahau picha yetu. Avelina wa Vaa Urudishe."

Akajibu: "Mchumba wangu kanikataza, anasema siyo lazima. Ila limenipendeza mno, nitaachaje kutuma!"

Picha ikafunguka. Gauni langu lile, binti mzuri kalivaa anacheka. Mbele yake kuna mwanaume kapiga goti, kashika pete, kavaa shati la kitenge nililomshoneshea mie.

Rogers.

Nilikaa chini palepale sakafuni. Kisha nikainuka, nikaita bodaboda.

"Wapi, sista?"

"Kibamba. Na usinisemeshe."

Nilikuta turubai uwanjani, pilau linanukia, watu wamependeza. Mama mmoja mwenye kilemba akanipokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa upande wa kijana?"

"Hapana mama. Mie ndiye mwenye gauni."

Hope akasikia, akajua ni mie, akaja mbio kunikumbatia. Maskini, furaha yake ilikuwa ya kweli.

"Dada Avelina! Karibu! Rogers, njoo, huyu ndiye aliyenipa gauni!"

Rogers alikuwa na soda mkononi, ikammwagikia kwenye suruali.

"Tunafahamiana," nikasema. "Muulize, gauni hili mara ya kwanza aliliona kalivaa nani."

"Avelina, twende pembeni tuongee."

"Ongea hapahapa. Mbona goti umepiga mbele ya watu?"

Nikampa Hope simu yangu. Kwenye kioo nilikuwa mie, Mabibo, gauni lilelile, na mwanaume yuleyule kapiga goti.

"Ndiyo maana!" Hope akamgeukia. "Nilipolichagua ulinibishia wee, kijani hakinipendezi, chukua jingine! Na picha nisitume!"

"Hope, huyu tulishaachana zamani."

"Lini?" tukauliza sote wawili.

Mama Hope akasogea mbele yake.

"Kijana, chukua hao wajomba zako uondoke kwangu."

Wajomba wenyewe hata mmoja simjui! Wakaondoka naye, mmoja anarudi nyuma kufunga pilau kwenye mfuko.

Hope akaivua pete, akaanza kuhangaika na zipu.

"Dada, ngoja nikakuvulie gauni lako. Naona aibu."

"Usilivue. Umeliazima mpaka Jumatano, ni haki yako. Aibu ni ya aliyetoka hapo."

"Na wewe keti ule," mama yake akasema. "Hiki chakula hatukumpikia yeye peke yake."

Nikala kwa hasira, na nikaongeza.

Jioni meseji ya Rogers ikaingia: "Umenidhalilisha kwa ajili ya picha! Jumatano siji. Bila mie huna programu."

Nikamjibu: "Tutatumia WhatsApp na bodaboda mpaka tumpate mwingine. Pete yako iko kwa mama, Mabibo. Njoo na wajomba uifuate."

Jumatano nilisimama mbele ya wafadhili. Kweli, baba mmoja mwenye miwani akauliza lilelile la Rogers.

"Hili sharti la picha, binti, huoni litawakimbiza wateja? Ukiliondoa, tunaweza kuzungumza."

"Siliondoi, mzee. Mkiona halifai, nitarudi na magauni yangu nyumbani."

Nikawaonyesha ukurasa wa gauni la kijani. Hope alikuwa ametuma picha mpya: yuko na mama yake tu, kanyanyua kidole kisicho na pete, anacheka mpaka jino la mwisho. Chini kaandika: "Limenikaa vizuri. Picha msizitoe."

"Na huyu ni nani?" yule baba akauliza.

Kwenye kiti ambacho angekaa Rogers, mtu akainuka na gauni langu mkononi, limefuliwa na kupigwa pasi.

"Ni mie, mzee. Niulize mie kama nimekimbia."