Bifteki ya Mama

Kila alasiri, baada ya kutoka shuleni, Olga alifuata utaratibu uleule. Alivua sare yake na kuitundika msumarini, akachota maji kwenye pipa, kisha akaketi kibarazani kuparua samaki. Nyumbani kwao Nyamianda, mjini Uvira, samaki hawakukosekana: leo ndagala, kesho mukeke, keshokutwa ndagala tena. Olga alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na mikono yake iliweza kukaanga mukeke huku mwenyewe akikariri somo la jiografia.

Jumamosi moja, hata hivyo, utaratibu huo ulivunjika. Baba yake, Ezéchiel, ambaye alikuwa Mutarule kwa ajili ya mavuno ya mpunga, alimtuma dereva wa pikipiki alete kifurushi kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Ndani yake mlikuwa na vipande vitatu vinene vya nyama laini ya ng'ombe. Muda mfupi baadaye baba mwenyewe alipiga simu. "Nyama hiyo ni ya mama yako," alisema. "Mtayarishie vizuri."

Mama Agathe alikuwa amejifungua majuma mawili yaliyopita. Tangu siku hiyo chakula kilimshinda. Akisikia harufu ya samaki, aligeuza uso ukutani. Maziwa yalikuwa yamepungua, na mtoto Placide alilia kwa njaa mchana kutwa. Muuguzi alikuwa amesema wazi kwamba mama asipokula, mtoto naye hatashiba. Ndiyo maana Olga alifurahi sana alipomwona mama yake akitabasamu kwa sababu ya nyama ile.

"Nyama ya kukaanga, mwanangu, si ya kuchemsha," Mama Agathe alisema kwa sauti ndogo. "Bifteki, kama ile tuliyokula siku ya harusi yetu."

"Nitaitengeneza minye mwenyewe, Mama. Usijali."

Rafiki yake Fanny, aliyekaa nyumba ya jirani, alikuja mbio na simu ya kaka yake. Wasichana hao wakatazama video ya mpishi mmoja wa mbali. Mpishi huyo alikuwa na kikaango kizito cha chuma na jiko la gesi lenye miali ya buluu. Alipoiweka nyama kikaangoni, ilitoa mlio kama mvua kubwa juu ya bati.

Olga akaangalia vyombo vyake. Jiko lao la uani lilikuwa limeanguka msimu uliopita, mvua ilipozidi, na tangu hapo walipikia sebuleni au uani. Alikuwa na resho, yaani jiko dogo la umeme lenye waya uliojikunja kama konokono. Alikuwa pia na mbabula ya makaa, uma, na sufuria moja nyembamba iliyobonyea upande.

"Kwa huyu wa simu nyama inalia," Fanny alisema akicheka. "Yako itanyamaza kabisa!"

"Ngoja uone weye," Olga alijibu.

Alikiosha kipande cha kwanza kwa maji mengi, akamimina mafuta sufuriani, akawasha resho na kuitumbukiza nyama papo hapo, maji yakiwa bado yanachuruzika. Umeme ulikuwa dhaifu siku hiyo, na waya wa resho ulianza tu kuwa mwekundu. Nyama haikulia. Ilitoa maji, na maji yakaanza kuchemka. Olga akaigeuza, akaichoma kwa uma, akaigeuza tena na tena. Kadiri alivyoigeuza ndivyo ilivyozidi kutoa maji, na mwishowe ikawa ya kijivu kama jivu lenyewe.

Fanny akauma pembe moja, akatafuna, akaendelea kutafuna.

"Hii ni nyama ao soli ya kiatu?" aliuliza.

"Nyamaza! Ni hili resho! Halina nguvu!" Olga alifoka, akakirusha kipande hicho kwenye bakuli na kukifunika kwa beseni.

Akaamua kutumia makaa. Aliwasha mbabula uani, lakini kabla makaa hayajakolea, mvua ikaanza kunyesha. Olga aliibeba mbabula hadi sebuleni na, ili mvua isiingie, akafunga mlango na dirisha. Safari hii moto ulikuwa mkali mno kwa sufuria nyembamba kama ile. Kipande cha pili, nacho kikiwa na maji, kilirusha mafuta hadi mkononi mwake, kisha kikang'ang'ania chini ya sufuria. Olga alivuta kwa uma. Nyama ikachanika. Upande mmoja ulikuwa mweusi, na ndani ilikuwa mbichi kabisa. Olga alikisukumia chini ya beseni pamoja na cha kwanza, akaupiga ukuta kwa ngumi, machozi yakimlengalenga.

"Olga," Mama Agathe aliita kutoka nyuma ya pazia la chumba cha kulala. "Kichwa kinaniuma. Na mtoto anakohoa."

Hapo mlango ulisukumwa kwa nguvu. Aliyeingia ni Tantine Sabine, dada ya baba, akiwa amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Alitazama mbabula, akatazama dirisha lililofungwa, wala hakusalimu.

"Fungua dirisha! Fanny, kamata pazia, liweke juu!" Yeye mwenyewe alishika mbabula kwa vitambaa, akaitoa kibarazani, chini ya ukingo wa paa. Kisha akamtoa Mama Agathe na mtoto, akawaketisha kwenye kiti kando ya mlango, penye hewa safi. Alingoja mpaka mama aliposema kwamba kichwa kimepungua kuuma, na Placide akaacha kukohoa. Ndipo alipomgeukia Olga.

"Makaa yanatoa hewa mbaya ambayo jicho halioni na pua hainusi," alisema. "Ndani ya nyumba iliyofungwa, hewa hiyo inaua watu wakiwa wamelala. Usirudie tena, hata kama ni mvua ya mawe."

"Sitarudia, Tantine," Olga alisema. "Lakini iko kitu gani hapa? Sina chuma, sina gesi, umeme hauna nguvu! Nimebakiwa na kipande kimoja tu. Mama hatakula!"

"Yule mpishi wa kwa simu simjui," Tantine Sabine alijibu. "Niambie weye. Kama ungekaanga mukeke sasa hivi, ungeanzia wapi?"

Olga alikasirika. Nani alikuwa ametaja samaki? "Ningemkausha," alisema kwa mkato. "Samaki mwenye maji anarusha mafuta."

"Halafu?"

"Ningengoja sufuria ipate moto sawasawa. La sivyo atashikana nayo."

"Ungemgeuza mara ngapi?"

"Mara moja tu, Tantine. Upande wa chini ukiiva, anajiachilia mwenyewe. Ukimlazimisha, anapasu..."

Olga aligeuka. Alilitazama lile beseni lililofunika vipande viwili.

"Mbona umekatiza?" Tantine Sabine aliuliza.

Olga akanawa mikono. Alichukua kitambaa safi, akakikausha kipande cha mwisho pande zote mpaka kitambaa kilipolowa, kisha akachukua kingine. Alisugua sufuria, akaiweka tupu juu ya resho, akangoja. Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kazi yoyote aliyoifanya siku hiyo. Waya wa resho ulichukua muda mrefu kuiva. Fanny alipiga miayo, akasema, "Weka basi, tutalala hapa!"

"Bado," Olga alisema. Alidondosha tone moja la maji, likakaa sufuriani likichemka polepole. Akangoja tena. Tone lililofuata likacheza, likakimbia huku na huku, likatoweka. Ndipo alipoweka mafuta kidogo, na baada yake nyama.

Ililia. Fanny akaruka. "Inalia! Geuza, itaungua!"

"Usiiguse," Olga alisema, mikono yake ikiwa mgongoni. Baadaye aliisukuma kidogo kwa uma. Ilikuwa imeshika. Akaiacha. Alipojaribu tena, ilijiachilia, akaigeuza, na upande wa juu ukawa wa kahawia inayong'aa, wenye harufu iliyojaza nyumba. Lakini kabla upande wa pili haujaiva, umeme ukakatika.

"Ee Mungu wangu!" Olga alilia.

"Unayo makaa yaliyotulia pale kibarazani," Tantine Sabine alisema. "Funika sahani juu, uache moto mdogo uingie taratibu mpaka ndani."

Olga alifanya hivyo pale nje, hewa ikipita. Kisha aliikata nyama vipande vyembamba. Ndani hapakuwa na damu, wala ugumu. Akampelekea mama yake.

Mama Agathe alikula kipande cha kwanza, akafumba macho. Alikula cha pili, na cha tatu. Kisha akauliza, "Baba yako alituma vitatu. Vingine viko wapi?"

Fanny alimnong'oneza Olga, "Sema ni paka."

Olga aliitazama sahani inavyozidi kuwa tupu. "Niliviharibu, Mama," alisema. "Hakuna paka. Viko chini ya beseni."

Mama Agathe alicheka, jambo ambalo hakulifanya tangu alipojifungua. "Vikate vidogo, uviweke kwenye mchuzi wa nyanya, vichemke mpaka jioni. Mtakula na bugali." Kisha akamshika mkono. "Sikiliza, mwanangu. Ulikasirikia vyombo ambavyo hatuna, ukasahau kazi ambayo unaijua. Hasira ilikuharakisha, na haraka ikataka kutuumiza, minye na mtoto. Muntu anayefuata utaratibu hupika kwa sufuria iliyobonyea. Asiyeufuata ataunguza hata kwenye chuma cha wafalme. Na umesema kweli ulipoweza kumsingizia paka. Hiyo ndiyo imenishibisha zaidi."

Jioni hiyo Placide alinyonya, akalala bila kulia. Kesho yake Mama Agathe aliomba mukeke.