Mkanda wa Begani

Simu iliita mara mbili, ikakatika. Ikaita tena mara moja.

Akaipokea.

"Chaki imekwisha," sauti ilisema.

"Nitaleta ya bluu," akajibu.

"Saa kumi alasiri, Mgane. Jaji anakabidhi kombe. Kuna mtu hataki alikabidhi."

Simu ikafa.

Mgane. Hilo ndilo jina la kazi walilompa wakubwa, mwezi mmoja baada ya kumzika mkewe. Hawakuona ubaya. Mtu wa kiti cha kuzunguka haoni ubaya wa kitu; ukimjia upande huu, yeye keshageukia kule.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Jumatatu jaji atasoma hukumu ya genge la wageni linaloingiza silaha kwa makontena. Jaji huyo anapenda mchezo wa pool kuliko usingizi. Genge limemtuma mtu, mmoja wa wachezaji wanane wa mashindano, na bunduki yake imo ndani ya mkoba wa fimbo. Mlangoni kuna mashine ya kukagua vyuma, lakini fimbo nzuri zina vyuma vya kuungia. Mashine inamlilia kila mchezaji, na walinzi wameshazoea kilio chake.

Mgane alishauri mashindano yaahirishwe. Wakubwa wakasema kadi za mwaliko zimeshagawiwa. Akashauri mikoba ifunguliwe. Wakasema wachezaji ni wageni, wasifedheheshwe. Akaomba basi aingie na Beretta yake. Wakasema bastola itatisha watu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Aingie kama mchezaji wa akiba, wakasema, mkoba begani. Na mkoba walishamletea.

Ulikuwa mezani. Plastiki nyeusi, zipu ya kung'aa, mkanda uliobandikwa kwa gundi na kushikwa na ribiti moja nyembamba kama jino la mtoto.

Aliujua mkanda ule. Mfukoni mwake alikuwa na kipande cha mkanda mwingine kama huo.

Mwaka juzi mkewe, jasusi hodari kuliko yeye, alibeba mkoba kama huo, kamera ndani, akimfuata mtu wa genge hilohilo kwenye ngazi za hoteli. Ribiti ikakatika.

Tak.

Mkoba ukabiringika vidato kumi na vinne, kimoja kimoja, mpaka miguuni pa yule aliyekuwa akifuatwa. Mkewe aliokotwa kwenye lifti, kisu ubavuni. Ripoti ya ofisi ilikuwa na maneno mawili: "Uzembe wake."

Tangu siku hiyo hapandi ngazi bila kuisikia ile tak. Na sauti ya mkewe pia huisikia. Hakuwahi kumwita kwa jina. Wewe, funga mlango. Wewe, taratibu.

Akaubeba mkoba wa ofisi mpaka kwa fundi wa ngozi, jamaa mnene wanayemwita Gunia. Gunia aliushika mkanda kwa kidole kimoja, akavuta. Ukabaki kidoleni.

"Kaka, hiki ulinunua au ulitupiwa?"

"Nilipewa kazini."

"Basi kazini hawakupendi."

Akamwonyesha mikoba yake. Wa turubai, akaukataa mwenyewe: unanyonya maji, uzi unaoza kabla hujajua. Wa ngozi laini, mzuri wa sura, lakini ukigongwa fimbo inapinda ndani. Akamshushia wa tatu. Bomba gumu ndani, ngozi ya ng'ombe nje, mshono wa mistari miwili kwa uzi uliopakwa nta, pete mbili za chuma zilizoshonewa mpaka ndani ya bomba, mkanda mpana wenye bizimu ya shaba.

"Huu unabeba kiasi gani?" Mgane akauliza.

Gunia akautupa mkanda juu ya boriti, akautega mkoba kwenye ngazi ya kuegemea, akaning'inia. Miguu ikaachana na sakafu. Boriti ililalamika; mkanda haukusema kitu.

"Kilo mia na kumi na tatu," akasema akiwa hewani, "na bado sijala."

Aliposhuka akamfundisha jambo la mwisho. Ukitaka kujua mtu anabeba nini, usiutazame mkoba, kila mtu ataupiga rangi. Tazama tundu la bizimu kwenye mkanda. Fimbo mbili hazifiki hata kilo mbili, tundu litabaki duara miaka kumi. Mzigo mzito hulivuta likawa yai, na pete ikaila ngozi upande mmoja.

Mgane akauweka mkoba wa ofisi na mkanda wake uliong'oka kwenye teksi, akamwelekeza dereva auweke juu ya kiti cha mkubwa.

Saa nane na nusu alikuwa kwenye foleni ya kujiandikisha, mkoba mpya wa Gunia begani. Ukumbi zamani ulikuwa ghala: meza nane chini, roshani ya chuma juu, ngazi moja.

Akatazama mabega. La kwanza, tundu duara. La pili, duara. La tatu, la nne.

La tano, yai.

Pete ilikuwa imeila ngozi kama panya. Mwenyewe alikuwa mwembamba, miwani, koti la kijivu, mpole hadi watazamaji walimwita Mwalimu.

Mgane akajikohoza kwenye kinasa sauti cha kola. "Nimempata. Wa tano."

"Ushahidi?" mkubwa akauliza kwenye kifaa cha sikioni.

"Tundu la bizimu."

"Mgane, umelala vizuri jana?"

"Sijalala vizuri tangu mwaka juzi, mkubwa."

"Usimguse mgeni kwa sababu ya tundu. Ni amri."

Saa tisa na nusu Mwalimu alikosa mpira ambao kipofu angeuingiza. Akapeana mikono na mshindi, akatabasamu, akatoka mashindanoni. Dakika ishirini baadaye, jaji aliposimama kando ya meza ya kwanza na watu wakaanza kupiga makofi, Mwalimu akaanza kupanda ngazi.

Mgane akakitoa kile kifaa sikioni. Akafuata.

Kidato cha tano. Cha sita.

Tak.

Akasimama. Mkono ukaenda mfukoni, kwenye kile kipande cha mkanda. Alisikia mkoba ukibiringika nyuma yake, kidato kwa kidato, na alijua akigeuka hataona kitu.

Wewe. Panda.

Akapanda.

Mwalimu alikuwa amepiga goti nyuma ya reli, mtutu umeshaungwa, jicho kwenye darubini. Hakugeuza kichwa. Alitupia jicho tu mkoba wa Mgane.

"Ofisi yenu imebadilisha mikoba," akasema taratibu. "Ule wa yule mwanamke wa hotelini ulikuwa takataka."

Mgane akaurusha mkono wenye mkoba.

Bomba likampiga Mwalimu taya. Bunduki ikalia, risasi ikaenda darini, taa ikapasuka. Mwalimu akatoa kisu. Kikapita kwenye ngozi ya ng'ombe, kikanasa. Mgane akasukuma kwa bega. Mwalimu akapinduka juu ya reli.

Mkoba ukajikwamisha kwa kulala nyuma ya nondo mbili za reli. Mkanda ukaning'inia nje, na Mwalimu akaning'inia kwenye mkanda.

Mkanda haukusema kitu.

Chini, sakafu ya saruji. Mgane akaweka kidole gumba juu ya bizimu ya shaba.

"Alisema nini?" akauliza.

"Nani?"

"Unamjua."

Mwalimu alitazama kidole. "Hakusema. Angeweza kukimbia. Akashuka kuokota kamera."

Kamera ya ofisi. Mgane aliikumbuka barua ya onyo aliyopewa mkewe kwa kupoteza nyingine kabla ya hiyo. Mkewe aliibandika jikoni, juu ya jiko, asije akasahau.

Bizimu ilikuwa ya moto kwa jasho. Kuvuta kidogo tu.

Kule chini jaji alikuwa ametazama juu, kombe kifuani. Huyo ndiye atakayesoma hukumu. Maiti haisomewi kitu, na maiti haitoi maelezo ya ngazi za hoteli mbele ya karani anayeandika.

Akaondoa kidole.

"Mkanda huu umeshonwa vizuri," akamwambia. "Subiri tu."

Walinzi walipomvuta Mwalimu na kumfunga pingu, Mgane akakirudisha kifaa sikioni. Mkubwa alikuwa anasema. Amevunja amri. Ametumia mkoba usioidhinishwa. Na kuna takataka gani imewekwa juu ya kiti chake?

"Uvae, mkubwa. Halafu upande ngazi."

"Mgane—"

"Ripoti ya mwaka juzi iandike upya. Maneno mawili tu. Mkanda ulikatika."

Pumzi ikasikika upande wa pili, na mlio wa kiti kikizunguka.

"Hilo haliko mikononi mwangu."

Mgane akakidondosha kifaa kwenye shimo la meza iliyokuwa chini ya roshani. Kikabiringika ndani kama mpira mweupe.

Akauchomoa mkoba kwenye nondo. Ngozi imechanika, bomba zima, mshono mzima. Akauweka begani. Akatoka kwa mlango wa nyuma, ambako kulikuwa na ngazi za nje za kushuka barabarani. Hakutaka kuhesabu. Akahesabu.

Kumi na mbili. Kumi na tatu.

Tak.

Akarekebisha mkanda begani, akaendelea na safari.