Paneli za Swima

Injini ya boti, Yamaha ya farasi arobaini, ilinguruma. Arlette Mutambo, jasusi wa kikosi cha kupambana na magendo, alishika usukani kwa mkono mmoja, Glock kwa mwingine. Mbele yake mtumbwi wa Casimir, dalali wa madini, ulikata ziwa kukimbilia Kazimia.

Redio ya Motorola ilikoroma.

"Tembo Mbili, unaona nini?"

"Panno, shefu. Iko chini ya nyavu."

Paneli za jua! Kiwanda cha magari ya umeme, huko ng'ambo, kilikuwa kimetangaza kwamba kitanunua tu madini ya bati yaliyooshwa kwa pampu za jua. Mazuti, yaani dizeli, hapana. Akina mama wa Swima wakajichanga, wakafunga paneli zao. Dorothée, dada mkubwa wa Arlette, akapata kazi pale, ya kwanza maishani.

Casimir akaona mwanya. Alizichukua paneli "kwa kuazima", akazipiga picha kwenye machimbo yake, mlimani Bibokoboko, huku jenereta zikitema moshi nyuma ya kilima. Kisha akauza madini yake machafu kama safi. Mjanja wa kutupwa!

Ila mama wa Swima akiona kitu bapa chenye joto, ataanika ndagala, dagaa wa ziwani, juu yake. Arlette alipanda Bibokoboko, kwa wafugaji wa ng'ombe, akakuta paneli zina magamba ya samaki. Samaki mlimani? Wapi! Akaandika ripoti siku ileile. Casimir aliposikia, akazipakia paneli mtumbwini, akatoroka.

Risasi moja. Injini ya Casimir ikanyamaza.

"Usinipige, mama! Mi niliazima tu!"

"Azima gani hii? Lala chini!"

Pingu zikalia.

Ufukweni Swima, Dorothée alikimbia hadi majini, kitenge kikalowa.

"Yaya, panno yenu yote iko hapa," Arlette alimwambia dada yake.

"Mungu wangu! Kesho tunaosha!"

Motorola tena.

"Tembo Mbili, kazi nzuri. Lakini kiwanda imesoma ripoti yako. Imekataa kununua madini ya eneo lote la Fizi."

"Hata Swima? Shefu, hawa bamama banatumia jua kweli! Uwaambie!"

"Nilibaambia. Habasikie."

Arlette aliitazama Glock. Ampige nani? Adui huyu hakuwa na mtumbwi wala sura.

Dorothée alikuwa amesikia kila neno.

"Sasa panno ulibikamata ya nini, Arlette?"

Arlette aliirudisha Glock kiunoni.

Dorothée hakugombana. Alilaza paneli mchangani, akaleta kapu, akaanza kumwaga ndagala juu ya vioo, kiganja kwa kiganja.

"Basi angalau hii itakauka," alisema.

Arlette akavaa Ray-Ban zake, akamsukuma Casimir mbele, akatembea taratibu kuelekea gari la kikosi. Hakugeuka. Angegeuka, angelia mbele ya mfungwa.