Mbuzi Mmoja, Nyumba Mbili

Kila asubuhi Ciakuthii alimsalimia mbuzi wake kabla ya kusalimia watu. "Karembo, umeamka?" Karembo alikuwa mbuzi wa maziwa, mweupe, mwenye mimba ya kwanza. Lakini goti la Ciakuthii lilikuwa limechoka. Kupanda mlima kukata majani kulimshinda.

Rafiki yake Wambeti, jirani wa hapo chini, akamwambia, "Niletee nikufugie. Akizaa tutagawana."

Huku kwetu Ishiara, kumpa rafiki mbuzi amfuge ni jambo la upendo. Pia limegombanisha watu wengi, usiseme hukuambiwa. Miaka sita iliyopita, Ciakuthii alimpa dada yake Gladwell mbuzi. Siku moja akaambiwa mbuzi amekufa. Gladwell alisema ni ugonjwa, Ciakuthii akasema ni kisu. Tangu hapo, kanisani mmoja hukaa dirishani na mwingine mlangoni. Wala hawasalimiani.

"Nikimpoteza na Wambeti, nitabaki na nani?" Ciakuthii aliwaza.

Kwa hiyo safari hii walitaka maandishi. Mtu mmoja sokoni aliwaandikia mkataba wa kurasa mbili. Wakaupeleka kwa Carol, msaidizi wa sheria kijijini, awe shahidi.

Carol akasoma: "'Mazao ya mnyama aliyetajwa yatagawanywa kwa haki baina ya pande husika.' Mmeelewa?"

"Tumeelewa," wakajibu pamoja.

"Sawa. Kila mmoja anichoree vile ameelewa."

"Kuchora? Mimi si mtoto wa nasari!" alisema Ciakuthii.

"Chora tu, Cucu, nyanya yangu. Nyumba yako, nyumba yake, na mbuzi katikati. Mtoto wa mbuzi ni duara. Mshale unaonyesha anaenda kwa nani."

Wakapeana mgongo, wakachora. Karembo wa Ciakuthii alitoka kama benchi lenye masikio. Carol akaziweka karatasi pamoja. Kwenye mchoro wa Ciakuthii, mtoto wa kwanza alienda kwa Ciakuthii. Kwenye wa Wambeti, mtoto huyo huyo alienda kwa Wambeti.

"Kumbe ulitaka kuchukua wa kwanza?" aliuliza Ciakuthii.

"Sasa nikate majani mwaka mzima nikiangalia tu?"

"Lakini hii mbuzi ni yangu!"

Ciakuthii aliogopa. Yale ya Gladwell yalikuwa yanarudi.

Carol akacheka. "Afadhali mmegombana kwenye karatasi. Mbuzi bado hajazaa." Akachukua karatasi mpya, wakachora wote watatu. Akizaa mmoja, ni wa Ciakuthii, na mzao wa pili ni wa Wambeti. Akizaa mapacha, kila mtu mmoja. Maziwa ya asubuhi yanabaki kwa anayekata majani, ya jioni yanapanda kwa mwenye mbuzi.

"Na akifa?" aliuliza Carol.

Wambeti akamwangalia rafiki yake. "Nitakupigia simu uje umwone kabla hajaguswa."

Ciakuthii akamkumbuka dada yake. Hilo hakuwahi kumwambia Gladwell. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Gladwell.

Kando ya kila mshale Carol aliandika sentensi moja fupi. Wakatia sahihi, naye akatia kama shahidi. Kila mmoja akaenda na nakala yake, na Karembo akahamia kwa Wambeti. Zile kurasa mbili za sokoni ziliwasha moto wa chai.

Baada ya miezi miwili simu ililia. "Ciakuthii, kuja mbio! Karembo amezaa!"

Ciakuthii alifika akichechemea, nakala yake mkononi. Watoto walikuwa watatu! Wambeti alikuwa ameshika mchoro, uso umemshuka. "Hapa tulichora mmoja na wawili. Huyu wa tatu hana mshale."

"Lete kalamu," alisema Ciakuthii.

Akachora duara la tatu. Mshale wake ukapita nyumba zote mbili, ukavuka mto, ukafika kwenye nyumba nyingine ndogo.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya Gladwell. Mimi na yeye hatukuchora. Unakubali?"

Wambeti alifuta macho kwa leso, akatia sahihi. Ciakuthii naye akatia, kwenye nakala zote mbili.

Yule mtoto alipoacha kunyonya, Ciakuthii alimbeba mwenyewe hadi ng'ambo ya mto. Gladwell alifungua mlango. Akamtazama mbuzi, akamtazama dada yake.

"Na huyu akifa?" aliuliza.

"Utanipigia simu," alisema Ciakuthii. "Nami nitakuamini."